ANAS BIN MALIK (R.A.): MTOTO ALIYELELEWA KWA UPOLE

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Ama baad. Katika darasa zetu za baada ya sala ya Isha huletwa maswali mengi, na baadhi yake hutoka nyuma ya pazia, kwa mama zetu na dada zetu. Usiku mmoja yaliletwa mawili kwa pamoja. La kwanza: mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa akikataa chakula, je, yafaa kumshika mdomo na kumlisha kwa nguvu, au kumpiga mpaka ale? La pili: mtoto mchanga anaponyolewa kwa mara ya kwanza, je, ni lazima aachiwe kishungi utosini ili asipatwe na jicho? Wako waliotabasamu, wakaona kuwa hayo si maswali ya kuulizwa mbele ya kitabu. Sisi hatukuyaona madogo. Dini ya mtu haianzi siku anapopelekwa chuoni na ubao wake; huanza siku anapotiwa tonge la kwanza mdomoni na wembe wa kwanza kichwani, na yale anayotendewa siku hizo ndiyo atakayowatendea wanawe.

Basi tumeona kuwa jawabu iliyo bora si kuandika orodha ya amri na makatazo, bali ni kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyelelewa katika nyumba iliyo bora kuliko nyumba zote, akaishi zaidi ya miaka mia, akawa baba na babu wa watu wengi mno. Mtu huyo ni Anas bin Malik, mtumishi wa Mtume (S.A.W.). Jina lake twalisikia kila siku katika hadithi, lakini ni wachache wetu waliotazama kuwa nyingi katika hadithi zake ni habari za nyumbani: chakula, watoto, vilio vyao na michezo yao.

Mama yake

Anas alizaliwa Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, yapata miaka 10 kabla ya Hijra, yaani karibu na mwaka 612. Alikuwa wa ukoo wa Bani Najjar katika kabila la Khazraj. Baba yake ni Malik bin Nadhr, na mama yake ni Ummu Sulaym binti Milhan, mwanamke mwenye akili na msimamo ambaye mfano wake si mwingi.

Uislamu ulipofika Yathrib, Ummu Sulaym alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuukubali. Mumewe hakuukubali. Mama yule akawa akimfundisha mwanawe kutamka shahada, na baba akikasirika na kumlaumu kuwa anamharibu mtoto. Bibi akamjibu kwa utulivu kuwa hamharibu. Hatimaye Malik aliondoka kwa hasira, akaenda zake Sham, na huko akauawa. Ummu Sulaym akabaki mjane na mtoto mkononi. Alipoposwa alikataa, akasema kuwa hataolewa mpaka Anas akue na kuweza kukaa katika mabaraza ya watu. Kisha akaja kumposa Abu Talha, mtu mwenye mali na heshima, naye siku hizo alikuwa angali mshirikina. Bibi akamwambia kuwa mtu kama yeye harudishwi, lakini mahari anayoitaka ni Uislamu wake tu, wala hataki dhahabu wala fedha. Abu Talha akasilimu, na mahari yakawa ndiyo hayo.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mtoto huyu alivyoanza maisha yake. Alikuwa yatima katika nyumba ya baba wa kambo, na katika miji yetu twajua jinsi watoto wa namna hiyo wanavyosukumwa pembeni, wakapewa ukoko wa chungu na maneno makali. Lakini mama yake alimpa elimu ya kwanza kwa ulimi wake mwenyewe, naye Abu Talha akamlea kwa wema mpaka Anas akawa ndiye msimulizi mkuu wa sifa zake.

Kuingia katika nyumba ya Mtume

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina katika mwaka 622, Anas alikuwa na umri wa miaka 10. Mama yake akamchukua, naye hana nguo ya kutosha ya kumvika, akaupasua mtandio wake, nusu akamfunga kiunoni na nusu akamtupia mabegani, akampeleka kwa Mtume (S.A.W.) awe mtumishi wake, na akamwomba amwombee dua. Mtume (S.A.W.) akamwombea mali nyingi, na watoto wengi, na baraka katika vyote atakavyopewa.

Akakaa katika utumishi huo miaka 10, mpaka Mtume (S.A.W.) alipofariki katika mwaka 632. Na katika muda wote huo, kama alivyosimulia mwenyewe, hakusikia hata mara moja neno la kuchukizwa naye. Hakuulizwa kwa nini amefanya jambo alilolifanya, wala kwa nini hakufanya jambo aliloliacha. Na mtu wa nyumbani alipomkaripia kwa kitu alichokiharibu, Mtume (S.A.W.) aliagiza aachwe, kwani lililokadiriwa kuwa lingekuwa.

Twataka kila baba asimame hapa kidogo na kuhesabu. Si miaka kumi. Ahesabu siku moja tu, toka alfajiri mpaka Isha. Ni mara ngapi amemwuliza mwanawe kwa ukali kwa nini umefanya na kwa nini hukufanya?

Isidhaniwe kuwa Anas alikuwa mtoto asiyekosa. Siku moja alitumwa, akatoka, njiani akawakuta watoto wakicheza sokoni, akasimama nao. Mara akahisi mkono umemshika kisogoni kwa nyuma. Akageuka, akamwona Mtume (S.A.W.) anacheka, naye akamwita kwa jina la kumdogesha, Unays, akamwuliza kama amekwenda alikotumwa. Mtoto akasema kuwa ndiyo kwanza anakwenda, na akaenda. Hakupigwa wala hakufedheheshwa mbele ya wenziwe. Alikumbushwa kwa kicheko, na kazi ikafanyika. Alikuwa pia akimwita mwanangu, na mara nyingine akimfanyia mzaha wa kumwita mwenye masikio mawili. Mzaha huo ni wa kweli, kwani nani asiye na masikio mawili? Wala haukumvunjia mtoto heshima, kama yanavyowavunjia watoto wetu majina ya kejeli tuwapayo kwa meno yao, rangi zao na miguu yao.

Abu Umayr na ndege wake

Ummu Sulaym alimzalia Abu Talha mtoto mwanamume, akaitwa Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa amekwisha kuachishwa ziwa, naye alikuwa na ndege mdogo akicheza naye. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizuru nyumba ile, na kila akimwona mtoto alimwuliza habari za ndege wake, kwa maneno ya mzaha yenye vina ambayo mtoto huyafurahia. Siku ndege alipokufa na mtoto akahuzunika, Mtume (S.A.W.) hakuiona huzuni ile kuwa ni upuuzi. Kiongozi wa umma, mwenye kungojewa na wajumbe na majeshi, aliketi kuzungumza na mtoto mdogo juu ya ndege aliyekufa.

Wanavyuoni wametoa hukumu nyingi katika hadithi hii moja, lakini hukumu iliyo wazi kuliko zote hatuifuati: kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu ni mtu, ana furaha yake na msiba wake, na ni haki yake kusikilizwa.

Kisha nyumba ile ikapatwa na msiba mkubwa. Mtoto wa Abu Talha aliugua, na wengine wamesema kuwa ndiye huyo huyo Abu Umayr. Akafa wakati baba yake hayupo. Ummu Sulaym akamwosha na kumfunika, akawakataza watu wa nyumbani wasimwambie mumewe mpaka yeye mwenyewe amwambie. Abu Talha akarudi, akala, akapumzika. Ndipo mkewe alipomwuliza: watu walioazima kitu kwa jirani, mwenyewe akikitaka, je, wana haki ya kukizuia? Akasema hapana. Akamwambia basi ahesabu thawabu kwa mwanawe. Abu Talha alikasirika kwanza, kisha akaenda kumweleza Mtume (S.A.W.), naye akawaombea baraka katika usiku wao.

Chakula cha kwanza

Baraka ile ilikuja. Ummu Sulaym akazaa mtoto mwingine mwanamume. Akamwambia Anas kuwa mtoto asionje kitu mpaka apelekwe kwa Mtume (S.A.W.). Asubuhi Anas akambeba ndugu yake pamoja na tende chache, akamkuta Mtume (S.A.W.) akiwatia alama ngamia wa sadaka kwa mkono wake mwenyewe. Akaiacha kazi, akamchukua mtoto, akatafuna tende mpaka zikalainika, akampaka mtoto kinywani. Mtoto akaanza kulamba utamu ule kwa ulimi wake. Mtume (S.A.W.) akafurahi, akataja jinsi Ansari wanavyopenda tende, akampa mtoto jina la Abdullah. Mtoto huyu alikua, akapata wana wengi walioihifadhi Qurani.

Hivyo ndivyo Anas alivyoona kwa macho yake kuwa chakula cha kwanza cha mtu hupewa kwa furaha, kwa mkono wa mtu mwema, na kwa kiasi cha ulimi wa mtoto mwenyewe.

Twarudi sasa kwenye swali la kwanza la dada zetu. Anas alisimulia kuwa fundi mmoja wa kushona nguo alimwalika Mtume (S.A.W.) kwa chakula, naye Anas akafuatana naye. Wakaletewa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume (S.A.W.) akiyatafuta mapande ya mumunye katika sahani, naye akawa anayakusanya na kumsogezea. Hakuna aliyemwambia Anas ale mumunye, wala hakuna aliyemhubiria faida zake. Lakini toka siku ile aliyapenda, na katika uzee wake, kila alipopikiwa chakula kinachoweza kutiwa mumunye, alitiwa. Mapenzi ya chakula kile yalimwingia kwa njia ya macho, kwa kumwona mtu ampendaye akikila kwa furaha.

Hii ndiyo jawabu, na ni jawabu ya kutosha. Baba hukaa peke yake na sinia ya wali na samaki, mtoto akaachwa jikoni na kibakuli cha uji, kisha twashangaa kuwa hataki mchicha wala pojo, naye hajamwona hata siku moja baba yake akivila! Mtoto na aketishwe kwenye sinia pamoja na wakubwa. Hivyo ndivyo alivyofanywa Umar bin Abi Salama, mtoto wa kambo wa Mtume (S.A.W.). Alikuwa mdogo, mkono wake ukizunguka zunguka katika sahani, ukidonoa huku na huku. Mtume (S.A.W.) hakumwondoa sinianí wala hakumpiga kofi la mkono, alimfundisha mambo matatu tu, kutaja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Umar alisimulia kuwa huo ndio ulioendelea kuwa mwendo wake wa kula.

Wala si kila akataaye chakula ni mkaidi. Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakukitia ila chakula kabisa, akikipenda hukila, na asipokipenda hukiacha. Alipowekewa nyama ya kenge wa jangwani hakuila, akaeleza kuwa si haramu, ila hakizoei kwani hakipatikani katika nchi ya watu wake. Na Khalid bin Walid akaila mbele yake. Ikiwa mtu mzima ana ruhusa ya kuacha kisichomwingia moyoni, mtoto ana udhuru zaidi. Na matabibu wa zama zetu wametueleza kuwa mtoto akipita mwaka wa kwanza hukua polepole kuliko alivyokuwa akikua alipokuwa mchanga, kwa hivyo hamu yake ya chakula hupungua, na hiyo si maradhi. Wameeleza pia kuwa chakula kigeni huenda mtoto akakikataa mara kumi na zaidi kabla ya kukizoea; kwa hivyo kiwekwe mbele yake tena na tena kidogo kidogo, bila ugomvi. Ama mtoto anayekonda, au anayekataa hata kunywa, huyo apelekwe kwa daktari upesi, wala asicheleweshwe kwa mafusho na hirizi.

Lakini liko tendo letu moja ambalo ni lazima tulitaje. Mtoto hupewa senti za kununua ubuyu, kashata na maji ya sukari tangu asubuhi ili anyamaze, na adhuhuri hupigwa kwa sababu hana njaa. Sisi ndio tuliomshibisha, kisha sisi ndio tunaompiga.

Nywele za kwanza

Ama swali la pili, Sunna yake iko wazi. Mtoto huchinjiwa akika siku ya saba, akanyolewa kichwa chake na kupewa jina. Hasan, mjukuu wa Mtume (S.A.W.), alipozaliwa katika mwaka wa tatu wa Hijra, alichinjiwa, na Bibi Fatima akaamrishwa amnyoe kichwa na atoe sadaka ya fedha kwa uzani wa nywele zake. Zikapimwa, uzani wake ukawa dirhamu moja au sehemu ya dirhamu. Na Imamu Malik ametaja katika Muwatta kuwa Bibi Fatima alifanya vivyo hivyo kwa Hasan na Husayn, na kwa binti zake Zaynab na Ummu Kulthum. Dirhamu ni yapata gramu 3 tu. Tazameni basi wepesi wa dini hii: fedha ya gramu tatu humfikia maskini, na mtoto huanza maisha yake kwa kuwafaa wengine. Asiye na mbuzi asikope ili majirani wamwone. Na mwenye uwezo asiigeuze akika kuwa mashindano ya mapishi.

Ama kunyoa kichwa pande zote na kuacha nywele utosini, ambako wazee wetu walikuita kunyoa denge, hilo limekatazwa. Mtume (S.A.W.) alimwona mtoto aliyenyolewa sehemu ya kichwa na kuachiwa sehemu, akawakataza watu wake, akawaamuru wanyoe chote au waache chote. Hadithi hiyo imepokewa na Abdullah bin Umar. Na ubaya wake huzidi inapoitakidiwa kuwa kile kishungi ndicho kimlindacho mtoto na jicho au na shetani, au zinapowekwa nywele kwa nadhiri ya kaburi fulani mpaka siku ya kwenda kunyolewa huko. Jicho ni haki, na dawa yake ni kumwombea mtoto kwa Qurani na dua, kama Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwakinga Hasan na Husayn kwa dua. Mwenye kumlinda mtoto ni Mola wake, wala si kishungi.

Huenda mtu akasema: je, Anas mwenyewe hakuwa na shungi la nywele? Ndiyo, imepokewa katika kitabu cha Abu Daud kuwa utotoni alikuwa na shungi, na mama yake akakataa kulikata, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akilishika na kulivuta kwa mapenzi. Wako wanavyuoni walioona kuwa sanadi ya habari hii ina udhaifu. Na hata ikithibiti, haikutajwa ndani yake kuwa sehemu nyingine ya kichwa ilinyolewa, wala mama yule hakuliacha shungi kwa kuogopa jicho. Aliliacha kwa kumbukumbu ya mkono wa upole uliokuwa ukiligusa. Ni nani katika sisi ambaye mwanawe atakapokuwa mzee ataukumbuka mkono wa baba yake namna hiyo?

Katika kitabu hicho hicho, na kwa sanadi iliyosemwa kama hiyo, mna habari kuwa Anas alipokuwa mtu mzima alimwona mtoto mwenye mashungi mawili. Akampapasa kichwa, akamwombea baraka, kisha ndipo alipoagiza yanyolewe au yakatwe. Tazama mpango wake: kwanza mkono wa huruma, pili dua, na tatu amri. Wengi wetu huanza kwa amri, na hatufiki kwenye hayo mawili.

Aliyoyaona na aliyoyatenda

Anas alisema kuwa hakumwona mtu mwenye huruma zaidi kwa watoto kuliko Mtume (S.A.W.). Hakulisema hilo kwa kusikia. Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), alizaliwa katika mwaka wa nane wa Hijra, akapewa mama wa kumnyonyesha huko Awali, kiungani mwa Madina. Mume wa mama yule alikuwa mhunzi, na nyumba yake hujaa moshi wa mivukuto. Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda kwa miguu mpaka huko, Anas akiwa pamoja naye, akaingia katika moshi ule, akamchukua mwanawe, akambusu, kisha akarudi. Siku moja Anas alitangulia mbio kumwambia mhunzi asimamishe kazi kwa kuwa Mtume (S.A.W.) anakuja. Na siku mtoto alipokuwa akikata roho, katika mwaka wa kumi wa Hijra, Anas alikuwapo; akayaona machozi ya baba yakitiririka, na hakuona aibu kuyasimulia.

Ni Anas pia aliyesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala naye akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuwa ajua jinsi moyo wa mama unavyoungua. Wanaowafukuza mama na watoto wao misikitini kwa makelele, makelele yao wenyewe yakizidi ya mtoto, na wajiulize wanamfuata nani.

Baada ya kufariki Mtume (S.A.W.), Abu Bakr alimtuma Anas kukusanya zaka Bahrain, na baadaye akahamia Basra, mji uliojengwa katika ukhalifa wa Umar. Huko akafundisha kwa miaka mingi. Hadithi zilizopokewa kwake ni 2286. Alipatwa na mitihani, na katika uzee wake alidhalilishwa na liwali Hajjaj bin Yusuf, mpaka Khalifa Abdul Malik akaingilia kati. Dua aliyoombewa utotoni aliiona kwa macho: bustani yake ilizaa mara mbili kwa mwaka, na watoto na wajukuu wake walizidi mia. Lakini wingi wa watoto ni wingi wa misiba pia. Binti yake alimhesabia kuwa mpaka alipoingia Hajjaj Basra, waliozikwa katika kizazi chake walikuwa wamepita 120. Mtu aliyesimama juu ya makaburi mengi hivyo alikuwa na udhuru wa kuufunga moyo wake kwa watoto. Hakuufunga. Alipokuwa akipita njiani na kuwakuta watoto wakicheza, alisimama akawatolea salamu, na akawaeleza waliofuatana naye kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.). Na kila alipohitimu Qurani aliwakusanya watu wa nyumba yake, wakubwa na wadogo, akawaombea dua.

Alifariki Basra, kama ilivyo katika riwaya mashuhuri, katika mwaka 93 wa Hijra, yaani 712, naye amepita miaka mia. Alikuwa Sahaba wa mwisho kufariki katika mji huo. Aliyemwosha ni mwanafunzi wake Muhammad bin Sirin.

Ndugu zetu, twaona katika maisha haya jambo moja. Kijana wa miaka kumi alitendewa upole kwa miaka kumi, na upole ule ukamtosha kwa miaka themanini iliyobaki, mpaka ukawafikia watoto wa mitaani Basra ambao hawakumwona Mtume (S.A.W.). Vilevile ukali tunaoutia leo katika sinia na katika wembe hautakwisha leo. Basi usiku huu, baba arudipo nyumbani, amketishe mwanawe kando yake, amtajie jina la Mungu, ampe tonge dogo kwa mkono wake, na akilikataa, alile yeye mwenyewe kwa furaha. Kesho atalitaka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutengenezee vizazi vyetu, awarehemu wazee wetu waliotulea, na aturuzuku huruma kwa wadogo wetu. Amin.